Gombesa na Mpira wa Visiwa vya Komoro

Mwezi wa Desemba 1952, mvuvi mmoja wa kisiwa cha Nzuani, katika kutafuta riziki yake ya kila siku, alivua samaki mkubwa mwenye magamba magumu na mapezi yaliyochomoza mithili ya viungo vya mnyama. Wala hakujua kwamba mtaalamu mmoja wa Afrika Kusini, J. L. B. Smith, alikuwa ametawanya karatasi katika pwani ya Afrika ya Mashariki akiahidi paundi mia moja kwa atakayempata samaki huyo, ambaye wanazuoni wa elimu ya viumbe walikuwa wamekwisha kumhesabu miongoni mwa waliotoweka duniani tangu mamilioni ya miaka, hata alipoonekana mmoja katika maji ya Afrika Kusini mwaka 1938. Mtaalamu yule alipopata habari alikwenda mbio Komoro kwa ndege ya jeshi aliyopewa na serikali yake. Wavuvi wa visiwani walikuwa wakimjua samaki yule siku zote. Jina lake kwao ni gombesa, na nyama yake haisifiwi.

Lakabu ya samaki huyo ndiyo iliyochukuliwa baadaye na timu ya taifa ya mpira wa miguu ya Komoro, na katika lakabu za timu za Afrika, ambazo aghalabu ni za simba, tai na tembo, sijaona iliyomstahiki mwenyewe kama hii. Kwani timu hiyo nayo ilihesabiwa muda mrefu kana kwamba haipo, ilhali wachezaji wake walikuwa hai, wakicheza katika maji ya kina ambayo wakuu wa kandanda hawakuwa na haja ya kuyatazama.

Visiwa hivyo viko baina ya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Ngazija, kilicho kikubwa, ni kisiwa cha mawe meusi yaliyomwagwa na mlima wa moto wa Karthala, wala hakina mto. Nzuani ni cha milima na mabonde. Mwali ni kidogo kuliko vyote. Na cha nne, Mayote, kwa hali ilivyo hakimo katika mamlaka ya dola hiyo. Eneo la vile vitatu halifiki kilomita za mraba 1,900, na watu wake hawafiki milioni moja. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilitaka uhuru, na Mayote ikataka kubaki na Ufaransa. Tarehe 6 Julai 1975 uhuru ukatangazwa, na haukutimiza hata mwezi mmoja ila Rais Ahmed Abdallah alikuwa amekwisha kupinduliwa. Tangu hapo mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yalifuatana hata idadi yake ikapindukia ishirini, mengine yakiongozwa na mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, na mwaka 1997 Nzuani nayo ikajitangaza kuwa imejitenga. Dola iliyokuwa ikishughulika hivyo na kubakia dola haikuwa na wasaa wa kushughulika na viwanja na mipira. Ndiyo maana shirikisho la mpira lililoasisiwa mwaka 1979 lilingoja hata mwaka 2005 ndipo likakubaliwa katika FIFA.

Kukubaliwa huko hakukuleta faraja ya upesi. Mechi zao za kwanza za kutafuta Kombe la Dunia walizicheza mwaka 2007 dhidi ya jirani zao wa Bukini, wakafungwa sita kwa mbili ugenini na nne bila nyumbani. Na mwaka 2011 Msumbiji ikawatoa kwa jumla ya mabao matano kwa moja. Ipo dhuluma ndogo katika mpango huu ambayo wakubwa wa mpira huiita utaratibu: timu dhaifu hutiwa katika mchujo wa awali, hucheza mechi mbili, hufungwa, kisha hukaa kitako mwaka na zaidi bila ya mchezo wa maana, na kwa kuwa haikucheza, haikupanda daraja, na kwa kuwa haikupanda daraja, ijapo safari nyingine hurudishwa katika mchujo ule ule wa awali. Mtu aliyefungiwa mlango na akaambiwa kosa lake ni kwamba hakuingia ndani, hana jawabu.

Juu ya hayo kulikuwa na jeraha la Mayote, ambalo halikukaa katika siasa peke yake. Katika Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, ambayo ndiyo Wakomoro wangeweza kukutana ndani yake na watu wa makamo yao, Mayote ilianza kuingia mwaka 2003 kama timu mbali. Na mwaka 2015, michezo ilipofanyika Réunion, wanamichezo wa Mayote wakaonekana katika gwaride la ufunguzi pamoja na bendera ya Kifaransa, na ujumbe wa Komoro, ukiona kwamba hilo ni kinyume cha mapatano, ukajitoa katika michezo yote ukarejea kwao. Wachezaji waliojitayarisha kwa miaka minne wakarudi na viatu vyao bila ya kuchafuka. Kama walifanya sawa au walikosea, mimi sitahukumu; lakini nchi yenye michezo michache hivyo, kujinyima mmoja ni gharama kubwa.

Basi nguvu zilitoka wapi? Hapa hapana budi kurudi nyuma, katika tabia ya kale ya watu hao, kwani Mkomoro ni msafiri kabla ya kuwa mchezaji. Unguja ilijaa Wangazija zama za masultani, na miongoni mwao walitoka mafakihi na makadhi, mathalani Sheikh Ahmed bin Sumeyt, mzaliwa wa Ngazija, aliyefariki mwaka 1925 baada ya kuwa kadhi na mwalimu ambaye hata leo wanafunzi wa elimu ya dini wa pwani yetu hulitaja jina lake kwa taadhima. Wengine walikwenda Bukini, hasa Majunga, mpaka walipouawa na kufukuzwa huko mwishoni mwa mwaka 1976, wakarudishwa makwao kwa ndege za shirika la Sabena, hata wakaitwa Wasabena kwa jina la ndege iliyowabeba. Na wengine, tangu enzi za meli za Kifaransa zilizowaajiri mabaharia wa visiwani, walitia nanga Marseille, wakaoa, wakazaa, na leo jamii yao huko ni kubwa hata husemwa kwamba mji wa Wakomoro ulio mkubwa ni huo, na Moroni, mji mkuu wao, ni wa pili.

Aliyesafiri, hata hivyo, hakuachiliwa. Ngazija ina desturi ya ada, yaani arusi kubwa ambayo mwanamume huifanya katika mji wake mbele ya watu wake, kwa dhahabu, kwa ng'ombe, kwa karamu za siku nyingi, na asiyeifanya, hata akiwa na mvi, huhesabiwa bado kijana wa mji, hana kauli ya mbele watu wazima wakutanapo bangweni, yaani uwanja wa mji. Rais Ali Soilih, aliyetawala hata mwaka 1978, alijaribu kuifuta ada kwa hoja kwamba inawafukarisha watu, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Lakini yeye aliondoka, ada ikabaki. Kwa sababu hiyo mfanyakazi wa bandarini Marseille hudunduiza miaka ishirini, kisha kila msimu wa joto wa Ulaya hushuka uwanja wa ndege na masanduku yake kwenda kutimiza deni la nasaba. Na watu wa visiwani humwita yeye na wenzake, kwa utani uliochanganyika na husuda kidogo, kwa maneno ya Kifaransa ya *Je viens*, maana yake "naja".

Mimi naona timu ya taifa ya Komoro ni ada ya namna nyingine. Amir Abdou, aliyezaliwa Marseille na kufundisha timu ndogo za Ufaransa, alipokabidhiwa ukocha mwaka 2014 hakuwa na ligi ya kumtilia nguvu nyumbani wala hazina ya kumtosha. Alichokuwa nacho ni hiyo njia ya kurudi, iliyokwisha kukanyagwa na wazee kabla ya mpira. Aliwatafuta vijana katika timu za daraja la pili, la tatu na la nne za Ufaransa, akazungumza nao, na mara nyingi, nadhani, aliyekuwa na neno la mwisho alikuwa mama au ami. Wakaja: Nadjim Abdou, mzaliwa wa Martigues, aliyecheza miaka mingi Millwall ya London, akawa nahodha, Youssouf M'Changama wa Marseille, kipa Salim Ben Boina, aliyekuwa akichezea timu ya mtaa wa Endoume huko huko Marseille, na El Fardou Ben Nabouhane, aliyefika mpaka Red Star ya Belgrade, ambaye kuzaliwa kwake ni Mayote. Hili la mwisho lisipite hivi hivi: kisiwa ambacho dola ilishindwa kukipata kwa hoja za Umoja wa Mataifa, timu ilimpata mshambuliaji wake.

Matunda yalikawia kidogo. Novemba 2015 Ghana ilikwenda visiwani ikarudi na sare ya bila kufungana. Mwaka 2018 Kameruni ikatoka huko na sare ya moja kwa moja, na Morocco ikatoka na ya mbili kwa mbili. Sisi wa huku tulipata zamu yetu Novemba 2020, Harambee Stars wa Kenya walipotoka sare nao Nairobi, kisha siku nne baadaye wakafungwa mbili kwa moja Moroni. Na tarehe 25 Machi 2021, katika uwanja wa Malouzini uliojengwa kwa msaada wa China, sare tasa na Togo ikawapeleka Komoro, kwa mara ya kwanza, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Kule Kameruni, Januari 2022, walifungwa na Gabon, wakafungwa na Morocco, na watu wakasema yametimia yaliyotarajiwa. Tarehe 18, mjini Garoua, wakacheza na Ghana, bingwa mara nne wa Afrika: Ben Nabouhane akafunga katika dakika ya nne, Ahmed Mogni akaongeza, Ghana wakasawazisha mbili kwa mbili, na zikiwa zimebaki dakika tano Mogni akafunga tena. Ghana wakarudi kwao, na Komoro, kwa pointi hizo tatu pekee, wakavuka mpaka hatua ya mtoano. Lakini kipa Ben Boina aliumia bega siku ile. Na kabla ya mechi iliyofuata maradhi ya korona yakaingia kambini, yakawachukua watu kadhaa, wakiwamo makipa wawili waliobaki. Mmoja wao, Ali Ahamada, ilisemwa kwamba amekwisha kupona, ila kanuni za mashindano hazikumruhusu.

Ndipo tarehe 24 Januari, katika uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, mbele ya wenyeji, beki wa kushoto Chaker Alhadhur akavaa jezi ya kipa ambayo mgongoni namba yake, 3, ilibandikwa kwa utepe. Katika dakika ya saba nahodha Nadjim Abdou akatolewa kwa kadi nyekundu, wakabaki kumi na kipa asiye kipa. Mtu mwenye akili timamu angetazamia mabao manane. Yakaingia mawili tu, la Toko Ekambi na la Aboubakar, na baina ya hayo Alhadhur alizuia mikwaju ambayo makipa wa kulipwa huifungwa. Na katika dakika ya 81 M'Changama akapiga mpira wa adhabu kutoka mbali, ukapinda ukaingia pembeni mwa lango la Kameruni. Mbili kwa moja. Usiku ule ule, katika msongamano wa mlangoni mwa uwanja, watu wanane walifariki, na kwa hiyo furaha yoyote ya kuusimulia mchezo huu haina budi kupunguzwa sauti.

Wako wasemao kwamba timu hii ni ya Wafaransa waliovaa kijani. Wasemao hivyo wawaulize wazee wa Unguja kama Mngazija aliyezaliwa mtaa wao wa Funguni aliacha kuwa Mngazija. Lawama iliyo ya haki ni nyingine: kijana aliyezaliwa Moroni, akacheza Moroni katika uwanja wa changarawe nyeusi, mpaka leo njia yake ya kuifikia timu ya taifa ni nyembamba kuliko ya binamu yake wa Marseille, na fedha za ada, nyingi kama zilivyo, bado hazijaanza kumjengea shule ya mpira.

Novemba 2023 Ghana walifungwa tena, moja bila, safari hii Moroni. Oktoba 2024 Tunisia wakafungwa kwao, na Komoro wakaongoza kundi lao kwenda fainali za Morocco. Mechi ya ufunguzi ilichezwa Rabat tarehe 21 Desemba 2025. Wenyeji walishinda mbili bila, lakini si kabla ya penalti yao ya mapema kuokolewa na Yannick Pandor, ambaye ni kipa kwa kazi yake.