Istilahi za Sauti na Funzo la Reli ya Mpanda

Kila taaluma ngeni huingia nchini na mzigo wake wa majina. Mji wa Mpanda ni shahidi wa jambo hilo. Ili kusafirisha madini ya mgodi wa Uruwira, lilijengwa tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, likakamilika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini maneno ya kazi ile yangali yanatufunza. Risasi, neno lenye asili ya Kiarabu, limepanuka hata likataja madini na pia kipigwacho kwa bunduki. Reli limetoholewa kutoka Kiingereza. Mchimbaji limenyambuliwa kutokana na chimba. Kupanua maana, kutohoa na kunyambua ndizo nyenzo kuu za mwanaistilahi hata leo.

Nyenzo hizo sasa zinakabiliwa na elimu ya kuongoza mawimbi ya sauti kwa kanuni za topolojia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walionyesha chombo cha duara chenye milango mitatu, ambamo hewa ilizungushwa na feni ndogo. Sauti iliyotoka mlango wa kwanza ilifika wa pili, lakini iliyotoka wa pili haikurudi wa kwanza. Mwaka 2016 wenzao wa Nanjing, China, walipanga fito za chuma kisichoshika kutu. Sauti ya masafa fulani haikupenya ndani ya mpangilio, bali ilifuata mpaka wa mipangilio miwili, ikapita kwenye kona pasipo kuakisiwa sana.

Mfasiri anaweza kushawishika kuiita topolojia “elimu ya maumbo”. Hapo atapotosha. Umbo ndilo linalobadilika. Topolojia huchunguza kile kisichobadilika umbo linapopindwa bila kukatwa. Reli ya Kaliua hata ikipindwa namna gani, mfuatano wa vituo vyake hubaki uleule. Sauti ile nayo haizuiwi na kona kwa sababu njia yake imelindwa na sifa ya mpangilio mzima, wala si na unyofu wa ukingo.

Kwa hiyo yafaa tutohoe topolojia, na tuyatumie wimbi, mwangwi na ukingo tuliyonayo. Istilahi ikipotoka, mwalimu hufundisha kosa kwa Kiswahili fasaha, na mwanafunzi hana njia ya kuligundua.