Barabara Iliyopimwa kwa Vichwa

Ukifungua kitabu cha sensa cha wilaya yoyote ya India, kila kijiji kina mstari wake: kaya, wanaume, wanawake, watoto walio chini ya miaka 7, wanaojua kusoma. Kurasa nyingine hueleza kama kijiji kina basi au stesheni ya reli. Kisipokuwa nayo, hutajwa umbali wa kuifikia: chini ya kilomita 5, kati ya 5 na 10, au zaidi ya 10. Ni rahisi kudhani kwamba watu ni habari moja na njia ni habari nyingine. Ukweli ni kwamba tangu mwanzo wa karne hii hesabu ya watu ndiyo imekuwa ikiamua njia za vijijini zipite wapi.

Haikuwa hivyo zamani. Treni ya kwanza ya abiria ilitoka Bombay kwenda Thane, kilomita 34, tarehe 16 Aprili 1853, miaka 28 kabla ya sensa ya kwanza kufanyika kwa wakati mmoja nchi nzima, mwaka 1881. Reli ya Waingereza ilifuata pamba, bandari na kambi za askari. Kijiji kilipata stesheni kwa kubahatika kuwa njiani. Mpango wa Nagpur wa 1943 ulitaka kijiji cha eneo la kilimo kisiwe zaidi ya maili 5 kutoka barabara kuu, lakini karne iliisha vijiji vingi vingali vinatengwa na dunia kila mvua zikinyesha. Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ya Atal Bihari Vajpayee ilianzisha mpango wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Sharti lake lilikuwa idadi: watu 500 katika nchi tambarare, 250 milimani, jangwani na katika maeneo ya makabila, kwa mujibu wa sensa ya 2001.

Yupo atakayesema hiyo ndiyo haki yenyewe: fedha hazitoshi, waanze walio wengi, na namba haina upendeleo kama mwanasiasa. Hoja hiyo ina uzito, na ni kweli namba iliwabana wakubwa. Lakini namba haikuokotwa porini. Sensa ya India humhesabu mtu alikokutwa katika siku za kuhesabu, na mwaka 2001 siku hizo zilikuwa Februari. Wakata miwa wa Maharashtra huondoka makwao karibu na Oktoba, hurudi mnamo Aprili. Kwa hiyo kitongoji kinachokosa kazi hupeleka watu wake mbali, huonekana kidogo kwenye daftari, na udogo huo ukageuka sababu ya kukinyima njia.

Wengine watauliza: je, barabara yenyewe haiwafungui watu mlango waondoke? Wachumi Sam Asher na Paul Novosad walilinganisha vijiji vilivyovuka kidogo kiwango cha idadi ya watu cha mpango huo na vilivyokikosa kidogo. Matokeo yao ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba barabara iliwatoa wafanyakazi shambani kwenda kwenye kazi za ujira, ilhali mavuno, kipato na mali za kaya havikubadilika sana. Barabara, basi, si muujiza wa utajiri. Ni uhuru wa kuchagua kazi. Na uhuru huo ndio unaoifanya mizani ya vichwa kuwa dhaifu, kwa kuwa anayeuhitaji zaidi ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kutokuwepo siku ya kuhesabiwa.

Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19. Awamu ya nne ya mpango wa barabara za vijijini iliidhinishwa Septemba 2024 ili kuvifikia vitongoji 25,000, na watu wake wanapimwa kwa sensa ya 2011.