Kwa nini hati huchapwa tofauti na ilivyoonekana kwenye skrini?

Mkataba uliopangwa vyema katika kompyuta ya Nairobi waweza kuchapwa Kampala au Arusha ukiwa umevurugika: jedwali limekatika katikati, kurasa tisa zimekuwa kumi, na nafasi ya saini imebaki peke yake katika ukurasa wa mwisho. Printa ndiyo hulaumiwa kwanza, na baada yake mhudumu wa steshenari, ilhali mara nyingi wote wawili hawana kosa.

Madhara yake si ya sura tu. Saini iliyo peke yake juu ya karatasi isiyo na neno lolote la mkataba ni jambo ambalo mawakili hulikwepa, kwa kuwa karatasi hiyo yaweza kuunganishwa na maandishi mengine ambayo aliyetia saini hakuyaona. Mwanafunzi naye hurudishiwa tasnifu kwa sababu pambizo ya kushoto imekuwa nyembamba na jalada linafunika maneno.

Faili si picha ya ukurasa

Chanzo kikuu ni kwamba faili la Word halihifadhi sura ya ukurasa. Linahifadhi maneno pamoja na maagizo: tumia fonti fulani, kwa ukubwa fulani, acha pambizo ya upana fulani. Mahali mstari unapokatika na ukurasa unapoishia huamuliwa upya na kila kompyuta inayolifungua faili hilo, kwa kutegemea programu na fonti zilizomo. Simu huongeza utata, kwani baadhi ya programu zake huyapanga maneno upya ili yaenee kwenye kioo kidogo, na mtumaji hudhani kwamba alichokiona ndicho kitakachochapwa.

Tofauti ya kwanza ya kuchunguzwa ni ukubwa wa karatasi. Nchi za Afrika Mashariki, kama sehemu kubwa ya dunia, hutumia A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Asili yake ni kiwango cha Ujerumani cha mwaka 1922, ambacho kilikuja kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1975. Marekani na Kanada zimebaki na karatasi iitwayo Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279. Kompyuta iliyowekwa katika Kiingereza cha Marekani huweza kuanzisha kila hati mpya katika vipimo vya Letter, hata kama mmiliki wake hajapata kuishika karatasi hiyo maishani mwake.

Kwa jicho, kurasa hizo mbili hufanana sana. Hata hivyo Letter ni fupi kwa takriban milimita 18, yaani mistari mitatu au minne ya maandishi ya kawaida, na kila mstari wake ni mrefu kidogo. Hati ikihamishwa kutoka Letter kwenda A4, karibu kila mstari hukatika mahali papya. Kwa hiyo ukubwa wa karatasi unapaswa kuchaguliwa katika mpangilio wa ukurasa kabla ya kuandika neno la kwanza. Anayeibadilisha hati iliyokwisha kuandikwa hana budi kuipitia yote tena.

Fonti isiyokuwepo

Tofauti ya pili ni fonti. Kompyuta isipokuwa na fonti iliyoagizwa, huchagua nyingine bila kumwuliza mtu. Word ilianza kutumia Calibri kama fonti yake ya kawaida mwaka 2007, kisha mwaka 2023 ikahamia Aptos. Hati iliyoandikwa kwa Aptos katika programu mpya, ikifunguliwa katika kompyuta ya miaka kumi iliyopita, itavikwa fonti nyingine ambayo upana wa herufi zake si ule ule.

Watumiaji wa LibreOffice, programu isiyolipiwa inayotumika katika ofisi nyingi, wana nafuu kiasi. Fonti ya Carlito ilitengenezwa ili kila herufi yake iwe na upana sawa na ile ya Calibri, na fonti za Liberation zilifanyiwa hivyo kwa ajili ya Times New Roman na Arial. Zikiwepo, maandishi hubaki karibu mahali pake.

Kiswahili hakidai herufi za pekee, lakini lugha jirani zinadai. Kiganda kina ŋ, kama katika neno eŋŋoma, na jina la Gĩkũyũ haliandikwi sawasawa bila ĩ na ũ. Fonti isiyo na herufi hizo huziazima kutoka fonti nyingine, na neno moja likatokea kwa maumbo mawili, au huacha visanduku vitupu. Katika hati ya ardhi au cheti chenye jina la mtu, hilo ni kosa zito kuliko ukurasa uliosogea.

Word inaruhusu fonti kuwekwa ndani ya faili wakati wa kulihifadhi. Njia hiyo husaidia pale mpokeaji anapotakiwa kuihariri hati, ingawa leseni za baadhi ya fonti zinaikataza.

Kuna pia kosa la mwandishi mwenyewe. Wengi hushuka hadi ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter mara ishirini, na kupanga safu kwa kubonyeza nafasi tupu. Mpango huo husimama katika kompyuta moja tu. Kitenganishi halisi cha ukurasa huwekwa kwa kubonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja, na safu hupangwa kwa jedwali, hata kama mistari yake itafichwa.

Kutoka faili hadi karatasi

Hati isiyohitaji kuhaririwa inafaa kutumwa ikiwa PDF, muundo uliobuniwa na kampuni ya Adobe na kutolewa mwaka 1993, kisha ukawa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. PDF huhifadhi mahali pa kila herufi, na kwa kawaida hubeba fonti zake yenyewe. Lakini haisahihishi kosa lililotangulia: hati ya Letter ikigeuzwa PDF hubaki Letter.

Hata PDF iliyo sahihi yaweza kuharibiwa wakati wa kuchapa. Programu nyingi huwa zimewekwa kupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi, kwa sababu printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa. Barua iliyopunguzwa hivyo haidhuriki. Ramani ya nyumba yenye kipimo cha 1 kwa 100, ikipunguzwa hadi asilimia 94, humfanya fundi apime ukuta wa mita 10 akapata mita 9.4. Kwa michoro na fomu zenye visanduku vya kujazwa, ichaguliwe asilimia 100, na pembeni uwekwe mstari wa sentimita 10 utakaopimwa kwa rula baada ya kuchapa.

Rangi nazo hazilingani kamwe kikamilifu, kwa kuwa skrini hutoa mwanga na printa hutumia wino. Hapo marekebisho yana mpaka.

Kuhusu saini, dawa yake imo ndani ya programu zenyewe: agizo la kuifunga aya na ile inayoifuata. Aya ya mwisho ya masharti ikifungwa hivyo na sehemu ya saini, zote huhama pamoja hata kurasa zikiongezeka. Namba za ukurasa zikiandikwa kwa mtindo wa “ukurasa wa 9 kati ya 9”, anayetia saini hutambua mara moja iwapo karatasi aliyopewa ina wenzake wote.