Saa Iliyochelewa Cayenne

Sisi mafundi saa tuna deni kwa Jean Richer, na nasikitika kwamba vijana ninaowafundisha kazi hawajawahi kumsikia. Mwaka 1672, Akademia ya Sayansi ya Paris ilimtuma Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi kama 5 kaskazini ya ikweta, akatazame sayari ya Mirihi. Pendulamu iliyopiga sekunde sawasawa Paris, kule ikawa inachelewa dakika kama 2 kwa siku. Alipima wiki hata wiki kwa miezi 10. Ilibidi aifupishe kwa takriban milimita 3 tu.

Wapo wataalamu waliodhani amekosea. Lakini muda wa pendulamu kwenda na kurudi hutegemea urefu wake na mvutano wa Dunia. Uzito wa bonge lake hauhusiki. Mwaka 1687 Newton alieleza kisa: Dunia inajizungusha na imetuna kiunoni, hivyo mvutano hupungua kwenye ikweta.

Ndiyo maana saa ya pendulamu iliyorekebishwa London, ikitundikwa Mombasa, huchelewa zaidi ya dakika 2 kwa siku, hata ikiwa nzima kabisa. Usiifungue. Kaza nati iliyo chini ya bonge, lipande kidogo.