Kahawa Inayoitwa Rumangabo

Watu wengi wakilisikia jina la Rumangabo hukumbuka mambo mawili tu: makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, na kambi ya askari. Sisi tunaokaa huku, tukiutazama mlima Mikeno kila asubuhi, hatuwalaumu. Magazeti hayana desturi ya kutoa habari nyingine juu yetu. Lakini liko jambo la tatu, ambalo hata wenyeji wengi hawalijui. Huko Ulaya na Marekani, juu ya mifuko ya kahawa ya bei ghali, mahali wanapoandika ni kahawa ya mbegu gani, mara nyingine utasoma hivi: Bourbon, Blue Mountain, Rumangabo. Naam, jina la kijiji chetu. Ni mbegu moja ya arabika inayolimwa katika vilima vya Kivu, na jina lake limesafiri mbali kuliko mtu yeyote wa kwetu tunayemjua.

Basi tumeona vema kuwaeleza wasomaji jinsi kahawa ilivyofika kwetu, na kwa nini kwa miaka mingi ilitoka kwetu bila jina lolote.

Mti wa arabika asili yake ni Habeshi. Waarabu wa Yemeni ndio waliojifunza kuulima vizuri, na kutoka kwao njia ziligawanyika. Waholanzi waliupeleka Java, na mwaka 1706 mche mmoja ukafika Amsterdam. Uzao wa mche ule ndio uliovuka bahari mpaka visiwa vya Antili na nchi za Amerika. Wafaransa nao, tangu mwaka 1715, walichukua miche ya Yemeni wakaipanda katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Hivyo mti wa Afrika ulikwenda kutembea dunia nzima kabla ya kurudishwa Afrika na wageni.

Na wageni wale walikuwa nani? Mara nyingi walikuwa mapadri. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868 walipanda kahawa ya Bourbon; baadaye mbegu ilifika Bura katika nchi ya Wataita, kisha Nairobi, na mpaka leo watu wa Kenya huiita French Mission, yaani kahawa ya misioni ya Wafaransa. Upande wetu wa maziwa walikuwa Mapadri Weupe. Mwaka 1903 walifungua misioni ya Mibirizi, katika Rwanda, karibu na ncha ya kusini ya ziwa Kivu, na katika miaka ya kwanza ya karne ile wakapanda hapo mbegu iliyotoka Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati. Mbegu hiyo bado inaitwa Mibirizi. Sisi makatekista twapenda sana kuisimulia habari hii, lakini tusiipambe kupita kiasi. Misioni nayo ilihitaji kula na kuezeka paa, na kahawa ilileta pesa.

Tuitazame kidogo hiyo Guatemala, maana wanunuzi wa kahawa nzuri huipima kahawa yetu kwa kuilinganisha na ya kule. Ni nchi ya milima ya moto kama yetu, udongo mweusi, mvua nyingi, na wakulima wengi ni watu wadogo wenye asili ya Wamaya. Historia yao nayo si tamu. Baada ya mwaka 1871 serikali mpya, ambayo Justo Rufino Barrios aliiongoza tangu 1873, ilifungua mlango wa kuchukua ardhi za vijiji na kuzigawa kwa wenye mashamba makubwa ya kahawa. Na sheria ya mwaka 1877 iliwafunga vibarua kwa madeni na kwa kazi za lazima. Mzee wa Rutshuru akisimuliwa mambo hayo hashangai hata kidogo. Kwetu Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu mwaka 1928, nayo ikawagawia wakoloni ardhi kubwa. Kahawa ya vilima ikawa mali ya Mzungu wa shamba. Watu wetu walichuma, walibeba, walipewa mshahara mdogo. Shamba la Katale, kaskazini ya Rumangabo kwa njia ya Rutshuru, ni mojawapo ya hayo mashamba makubwa. Wengi wa leo hulikumbuka kwa kambi ya wakimbizi ya mwaka 1994 tu.

Lakini baadaye Guatemala ilifanya jambo ambalo sisi hatukulifanya. Mwaka 1960 waliunda chama chao cha kahawa, Anacafé, na pole pole nchi ikagawanywa kuwa maeneo 8 yenye majina: Antigua, Huehuetenango, Cobán, Atitlán na mengine. Mnunuzi anayekwenda kule hasemi, «Nataka kahawa ya Guatemala.» Anataja bonde, anataja kijiji, na mara nyingine anamtaja mkulima. Tangu mwaka 2001 wana mashindano: waonjaji hukaa mezani na vijiko, kila kahawa hupewa alama juu ya 100, na zile za kwanza huuzwa kwa mnada. Kahawa isiyofika alama 80 haihesabiwi katika kundi la kahawa za pekee.

Wakati ule sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1973, tarehe 30 Novemba, Rais Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zitapewa Wazaire. Mashamba mengi yalipata mabwana wapya wasiojua tofauti ya mkasi wa kupogolea na panga. Bei nzuri za baada ya baridi kali iliyoua kahawa ya Brazili mwaka 1975 zilificha uvivu huo kwa muda. Halafu mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyoshikilia bei ya kahawa yakavunjika, na bei ikaanguka karibu nusu. Vita vikaja juu ya hayo. Nchi iliyokuwa ikiuza nje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka ikabaki na sehemu ndogo sana ya hizo.

Sisi tulikuwa watoto katika miaka ile ya vita. Baba yetu alikuwa na miti yake kando ya migomba, naye hakuing'oa kama jirani zake walivyofanya ili wapande maharage. Tulichuma mekundu na mabichi pamoja, tukamenya kwa jiwe, tukaanika chini kando ya barabara, kuku wakipita juu yake na vumbi la magari likiifunika. Kisha akaja mchuuzi na mizani yake. Gunia ambalo baba alijua, kwa mgongo wake mwenyewe, kuwa lina kilo 50, kwa mizani ile lilikuwa na 41. Baba alitazama, akapokea franka, akanyamaza. Hatujasahau ule ukimya wake. Chukudu zikapakiwa, na kahawa ikashika njia ya Bunagana kuingia Uganda. Huko iliitwa kahawa ya Uganda.

Watu wa kando ya ziwa, upande wa Minova na Kalehe, walipata mateso makubwa zaidi. Wao walivusha kahawa usiku kwa mtumbwi mpaka Rwanda, wakikwepa kodi na askari, na ziwa Kivu likichafuka halina huruma. Wengi walizama na magunia yao. Vijiji vya kule vina wajane ambao waume zao walikufa kwa sababu ya kahawa, na kahawa ile, kama ilifika, ilinywewa kwa jina la nchi nyingine.

Hapo ndipo Joachim Munganga wa Minova alipoanzisha mwaka 2003 chama cha wakulima kiitwacho SOPACDI. Mwaka 2009 kikafuata kingine, Muungano. Kazi yao ya kwanza haikuwa kutafuta mbegu mpya, mbegu ilikuwapo. Kazi ilikuwa maji na mizani. Mkulima huleta matunda mekundu tu, siku ile ile ya kuchuma. Yanapimwa mbele yake. Yanatiwa majini, na yanayoelea hutupwa kando. Mashini inamenya, punje hulala katika birika kwa saa 12 au zaidi mpaka utelezi uachie, zinaoshwa, zinatandazwa juu ya vichanja, na akina mama wanazipekua moja moja kwa muda wa majuma mawili na zaidi. Hiyo ndiyo parche, kahawa yenye ganda lake jeupe. Ikikobolewa, ndiyo kahawa mbichi anayoipakia mnunuzi. Matunda kilo 6 au 7 hutoa kilo 1 tu.

Kwa nini wanapekua hivyo? Kwa sababu sisi wa maziwa haya tuna adui ambaye Guatemala haimjui. Yuko mdudu mdogo wa jamii ya kunguni, aitwaye antestia, anayetoboa tunda. Punje aliyoitoboa yaweza kutoa harufu ya kiazi kibichi, na punje moja ya namna hiyo inaharibu kikombe kizima. Mwonjaji anaweza kukaa mbele ya vikombe 5 vya gunia moja, vinne vitamu ajabu, cha tano kiazi kitupu! Warwanda walipambana na jambo hilo kabla yetu; walijenga mitambo ya kuoshea tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na mwaka 2008 wakawa wa kwanza katika Afrika kufanya yale mashindano ya mnada. Ni jirani zetu, na lazima tukiri kwamba walitutangulia.

Na jina likaanza kurudi. Mwaka 2011 kahawa ya SOPACDI ilipata hati ya biashara ya haki. Mwaka 2016 kampuni ya Starbucks iliuza kahawa iliyoandikwa Lake Kivu. Waonjaji wakakutana Bukavu kuzipima kahawa za Kivu kama zile za Antigua zinavyopimwa. Ndipo mbegu yetu nayo ikasomeka juu ya mifuko.

Hatusemi kwamba njia imekuwa laini. Gunia la Guatemala linateremka mpaka Puerto Barrios na kuingia melini. La kwetu linapita Uganda na Kenya, zaidi ya kilometa 1,500, mpaka Mombasa. Mwezi wa Juni 2022 waasi wa M23 walichukua Bunagana, na mwezi wa Oktoba vita vikafika tena Rumangabo. Mti wa kahawa huzaa matunda yake ya kwanza baada ya miaka 3 au 4. Ni nani atakayepanda akiwa amefunga mizigo yake mlangoni? Hata hivyo wapo wanaopanda.

Siku moja tulimwonyesha mama mmoja mzee wa parokia yetu, mwenye miti yake nyuma ya nyumba, picha ya mfuko mmoja wa kahawa hiyo. Alisoma jina la Rumangabo herufi moja moja, akacheka sana. Kisha akaweka kidole chini zaidi.

«Mwalimu, na hapa wameandika nini?»

Tukamwambia kwamba ni uzito na bei: gramu 250, dola 18. Akataka kujua ni matunda kiasi gani yanaingia katika mfuko huo. Tukahesabu pamoja naye, tukakuta karibu kilo 2.

Hakucheka tena. Akaturudishia picha, akasema mavuno yajayo hatamtuma mjukuu. Atakwenda mwenyewe kusimama karibu na mizani.