Malengo ya Idara na Maswali ya Uvira: Elimu ya Jamii katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Mwezi wa Aprili, mwaka 1858, Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia ziwani, kwani jibu la swali hilo lilihusu chimbuko la mto Nile. Wapiga makasia wao walikataa kusonga mbele, hivyo wageni hao wakawauliza wenyeji. Wana wa Maruta, mtawala wa mahali pale, waliwaambia kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Jibu hilo lilikuwa sahihi. Hata hivyo mabishano yaliendelea Uingereza, na Burton mwenyewe baadaye akaligeuka jibu alilopewa. Ilipofika Novemba 1871 ndipo David Livingstone na Henry Stanley walipokwenda hadi mlangoni mwa mto huo na kuyaona maji yakiingia. Miaka 13 ilipita katika kutafuta jambo ambalo kila mvuvi wa Uvira alilijua.

Kisa hiki kina uhusiano wa karibu na mada ya makala haya, yaani malengo ya idara za sayansi za jamii. Idara inapotakiwa kuandaa malengo yake ya miaka mitano au kumi, huandika maneno mazito: ubora, ushirikiano, maendeleo. Mwanahistoria hana budi kuuliza maswali mengine. Je, maswali ya utafiti yalitungwa wapi? Nyaraka zilihifadhiwa wapi? Na jibu lilirudi kwa wenyeji kwa lugha gani? Kwa kipimo hicho, historia ya elimu ya jamii kuhusu Uvira ni historia ya malengo yaliyowekwa mahali pengine.

Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda Taasisi ya Utafiti wa Sayansi katika Afrika ya Kati, ijulikanayo kwa kifupi IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa Lwiro, karibu na Bukavu. Uvira ilipewa kituo cha kuchunguza maji ya ziwa na viumbe wake. Sayansi za binadamu zilipelekwa Astrida (Butare ya baadaye), nchini Rwanda, ambako Jacques Maquet na kisha Jan Vansina walifanya kazi. Mgawanyo huo ulikuwa na mantiki yake: Rwanda ilikuwa na ufalme mkubwa wenye wasimulizi rasmi, ilhali milki ndogo za Wavira na Wafuliiru hazikuwavutia wataalamu kwa kiwa­ngo hicho. Ni kweli kwamba Daniel Biebuyck, mtafiti wa taasisi hiyo hiyo, alifanya kazi kubwa miongoni mwa Wabembe, upande wa kusini. Lakini pale Uvira penyewe samaki walipata mtaalamu mkazi, na watu wakabaki katika ripoti za maofisa wa utawala, ambao haja yao ilikuwa kodi na machifu. (Siwaonei wivu samaki. Ndagala na mukeke ndio walishao mji, na kituo hicho kimeendelea kuwachunguza hata baada ya uhuru.)

Hatua ya pili ilikuja Agosti 1971, serikali ya Mobutu ilipoviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi, yaani vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa. Sayansi za jamii na fasihi ziliwekwa Lubumbashi. Lengo lilikuwa la kisiasa kabla ya kuwa la kitaaluma: wanafunzi walikuwa wameuawa katika maandamano ya Juni 1969, na mwaka 1971 wengine waliingizwa jeshini kwa nguvu. Hata hivyo Lubumbashi ilizaa matunda. Humo ndimo Johannes Fabian alimofundisha, na uchunguzi wake wa Kiswahili cha wafanyakazi wa Katanga unajulikana kwa kila msomaji wa jarida kama hili. Ila maswali ya Lubumbashi yalielekea zaidi migodini. Mwanafunzi kutoka Uvira aliyetaka kusoma historia ya kwao alilazimika kwanza kuihama. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981.

Utafiti mkubwa wa awali kuhusu historia ya eneo la Uvira ulitoka mbali zaidi. Mwaka 1974 Jacques Depelchin aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, tasnifu juu ya jamii na uchumi wa Uvira kuanzia mwaka 1800 hivi hadi 1965. Baadaye alifundisha Dar es Salaam, katika idara ambayo malengo yake yanastahili kukumbukwa. Idara hiyo ya historia, iliyoanza mwaka 1964 chini ya Terence Ranger, ilikusudia kumrudisha Mwafrika katikati ya historia yake. Kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Kimambo na Temu mwaka 1969 ni zao la kusudio hilo. Muda si mrefu Walter Rodney na wenzake walisema kwamba kumsifu Mwafrika mtendaji hakutoshi, bali yafaa kuuliza nani alizalisha mali na nani aliichukua. Huo ulikuwa mjadala wa kweli juu ya malengo, na haukuandikwa na kamati. Kasoro yake ni lugha. Idara ya Kiswahili ilifundisha kwa Kiswahili tangu 1970. Idara ya historia, kwenye mlima huo huo, iliendelea kwa Kiingereza.

Upungufu huu una gharama. Katika Tambarare ya Ruzizi kuna ugomvi wa muda mrefu kati ya Wafuliiru na Warundi juu ya uchifu: je, milki ya Warundi ni ya kale, au ni zao la utawala wa Kibelgiji? Huko milimani swali kama hilo huulizwa juu ya Wanyamulenge na tarehe ya kuwasili kwao. Juni 2014, huko Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa, baadhi yao wakiwa katika ibada. Sidai kwamba ukosefu wa vitabu ndio ulioua. Kulikuwa na silaha, ng'ombe, na dola dhaifu. Lakini kila upande hujitetea kwa historia, na historia yenyewe imo katika Kiingereza na Kifaransa, mikononi mwa wachache wanaochagua kurasa za kunukuu. Kazi za wasomi wa Bukavu, kama kitabu cha Bosco Muchukiwa cha mwaka 2006 kuhusu maeneo ya kikabila na ya kiserikali, zimeleta maswali karibu na nyumbani, ila nazo ni za Kifaransa.

Kwa hiyo idara yoyote itakayojiwekea malengo katika mwambao huu ingefaa ianze na jambo dogo linaloweza kupimwa. Tasnifu ya 1974 itafsiriwe kwa Kiswahili, sura moja baada ya nyingine. Kila sura isomwe mbele ya wazee wa Kivira, Kifuliiru, Kirundi, Kinyamulenge na Kibembe, kila kundi kwao, na wanafunzi wanakili mahali ambapo wazee wanapinga na sababu wanazotoa. Daftari za mapingamizi hayo zihifadhiwe Uvira, na nakala zipelekwe Bukavu na Lubumbashi.