Kutoka kwa Mizani hadi kwa Mashine ya Presha

Utafiti wa ubongo hapa Nairobi ulianza na mizani. Miaka ya 1930, F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali ya kikoloni, alipima bongo 100 za Waafrika waliokufa akazilinganisha na takwimu za Wazungu. Mwenzake H. L. Gordon wa Hospitali ya Mathari akatumia hesabu hizo kudai kwamba Mwafrika huzaliwa na akili pungufu. Mwaka 1933 walowezi wakaunda hata chama cha "kuboresha mbari". Walipoomba pesa London, wakanyimwa. Afadhali.

Kinachouma ni kwamba swali la maana lilikuwa tayari mezani. Mwaka 1929, daktari mwingine wa kikoloni, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu hospitali yake huko South Kavirondo, Nyanza ya Kusini. Kwa miaka miwili walilazwa wagonjwa kama 1,800, na hakukutana na hata mmoja mwenye presha ya juu. Alipima pia wanaume 1,000 wazima. Kwao presha haikupanda na umri kama ilivyopanda Ulaya. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka.

Na presha ndiyo adui mkubwa wa ubongo. Ikikaa juu miaka mingi, mishipa inakuwa migumu na dhaifu. Siku moja mmoja unaziba au unapasuka: hicho ndicho kiharusi, ule ugonjwa ambao mtaani bado utasikia mtu akisema jamaa amerogwa. Mishipa midogo nayo inaharibika kimyakimya, na kumbukumbu inaondoka nayo polepole.

Sasa, ni nini kilibadilika kati ya wazee wa Donnison na sisi? Miaka ya 1980 kikundi cha watafiti wa Kenya na Uingereza, akiwemo Neil Poulter, kiliamua kufuata watu wenyewe. Walichukua Wajaluo waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kuja Nairobi kutafuta kazi, wakawapima mara kwa mara hadi miaka miwili, huku wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ripoti ilitoka 1990. Presha ya waliohamia ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti ilianza kuonekana mapema sana, ndani ya miezi, si miaka. Uzito ulikuwa umepanda, moyo ulidunda kasi zaidi, na mkojo ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo.

Yaani damu ni ileile, ukoo ni uleule. Kilichobadilika ni anwani na sahani. Vint angehitaji kupima kijiko cha chumvi tu.

Kibera na Kawangware zimejaa watu wa safari hiyo: umeshuka kwa basi, umepata keja ya mabati, unaamkia mjengo na unakula cha haraka kando ya barabara. Utafiti wa Kibera uliochapishwa 2014 ulikuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano ana presha ya juu. Wengi wao hawakuwa na habari.

Ughaibuni, kampuni zimetumia mabilioni kutafuta dawa ya kukinga seli za ubongo baada ya kiharusi. Moja iliyosubiriwa kwa hamu, NXY-059, iliangushwa na jaribio kubwa lililochapishwa 2007. Lakini mwaka 2001 jaribio la PROGRESS lilikuwa limeonyesha kwamba kwa watu waliowahi kupata kiharusi, vidonge vya kawaida vya presha vilipunguza kiharusi kingine kwa 28%. Mwaka 2019 jaribio la Marekani, SPRINT MIND, likaonyesha kwamba kushusha presha zaidi kunapunguza hata udhaifu wa mwanzo wa kumbukumbu.

Kwa ground, shughuli ni ya kuchosha. Madaktari Wasio na Mipaka walitibu presha katika kliniki zao za Kibera, kisha mwaka 2017 wakaikabidhi kaunti kazi hiyo. Kidonge chenyewe si siri wala si kipya, ila kinataka kumezwa kila siku, na mtu anayejisikia poa lazima apange foleni asubuhi nzima kukichukua, akijua kibarua cha siku hiyo kimeenda.